Mlango wa Stesheni: Namna Ninavyochagua Hoteli ya Jijini Iliyoungana na Reli

Hoteli ya hadhi iliyoungana na stesheni ya treni aghalabu huwa ghali kuliko nyenzake zilizo mitaa miwili mitatu mbele, ingawa vyumba vyake si lazima viwe vikubwa zaidi, wala chakula chake cha asubuhi si lazima kiwe bora zaidi. Nyongeza ile ya bei ni malipo ya mwendo mfupi ambao mgeni hatoutembea, yaani ule wa kutoka kwenye behewa hadi kwenye mapokezi, akiwa na mabegi, pengine na mzazi mtu mzima, katika mji asioujua na mvua asiyoitarajia. Mimi huulipia mwendo huo bila ya kinyongo pale ninapojua kuwa nitauhitaji, na hukataa kabisa kuulipia pale ninapoona kuwa nitakuwa nimenunua jina tu. Ndugu na marafiki wa hapa Unguja huniuliza juu ya jambo hili kila wanapojitayarisha kwenda kutibiwa, kusoma au kutembea, na majibu yangu ya kwenye simu hayatoshi. Ndiyo maana nimeona niyaandike kwa urefu.

Wengi wetu visiwani hatukukua na treni. Reli zilikuwepo, ni kweli: Sayyid Barghash alijengewa moja ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani mwishoni mwa miaka ya 1870, na mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikafungua nyingine kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, masafa ya kama maili saba. Lakini ile ya Bububu ilikwisha kuacha kuchukua abiria mwanzoni mwa miaka ya 1920, na aliyepo leo hana anachokikumbuka. Kwa hivyo tunapotafuta hoteli ya ugenini tuna mazoea ya kuuliza maswali mawili tu, iko umbali gani na uwanja wa ndege, na iko mjini au nje ya mji, ilhali katika miji mikubwa ya treni swali la kwanza ni jengine kabisa: iko kwenye reli ipi? Wale ambao tangu mwaka 2024 wamekuwa wakivuka kwa boti kwenda Dar es Salaam ili wapande treni ya umeme ya Morogoro na Dodoma wameanza kuuelewa mpangilio huu, kwa sababu wanalazimika kuzihesabu saa za boti na saa za treni pamoja. Na aliyewahi kulala Malindi, mtaa wa bandarini hapa Unguja, kwa makusudi, ili aiwahi boti ya saa moja asubuhi bila ya kugombana na teksi, anaijua tayari faida ya hoteli ya stesheni, hata kama hajawahi kuiona.

Tuanze na London, kwa kuwa huko ndiko hoteli za namna hii zilikojengwa kwa wingi na mapema, na ndiko ambako wengi wetu wana jamaa. Kampuni za reli za karne ya kumi na tisa zilijenga hoteli zao wenyewe kwenye vichwa vya stesheni ili abiria aliyekuja na treni yao alale kwao na ale kwao. Hoteli ya Paddington ilifunguliwa mwaka 1854, ya Victoria, ambayo mwanzoni haikuwa mali ya kampuni ya reli, mwaka 1862, ya Charing Cross mwaka 1865, na ile ya St Pancras, iliyochorwa na George Gilbert Scott, ikafunguliwa mwaka 1873. Zote nne zinapokea wageni hadi leo, baadhi yao kwa majina mapya. Mgeni anayeiona picha ya St Pancras, yenye minara na matofali mekundu na ngazi kuu inayopanda kwa mizunguko, hupenda kuichagua hiyo moja kwa moja, na mimi simlaumu, maana ni jengo la kustaajabisha. Lakini kabla ya kulipa ni lazima ajiulize anakuja na treni gani na anaondoka na treni gani.

Anayetua Heathrow na kupanda treni ya haraka ya uwanja wa ndege, Heathrow Express, atashushwa Paddington baada ya kama dakika kumi na tano, na hoteli ya hapo ina mlango unaoingilia moja kwa moja ndani ya stesheni. Kwake yeye hiyo ndiyo hoteli iliyoungana na reli, na St Pancras ni safari nyengine ya kuvuka mji. Anayetua Gatwick na kuchukua treni ya haraka ya huko hushushwa Victoria, na mlango ulio karibu naye ni ule wa hoteli ya Victoria. St Pancras inamfaa kikweli yule ambaye kesho yake anakwenda Paris au Brussels, kwa sababu treni za Eurostar zimekuwa zikiondokea hapo tangu Novemba 2007, na ukaguzi wa pasi, pamoja na ule wa polisi wa Ufaransa, hufanyika palepale stesheni kabla ya kupanda. Kwa mtu mwenye treni ya alfajiri, ambaye anatakiwa awe amekwisha kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi huo, kulala juu ya stesheni ni raha isiyo na mfano. Kwa mtu aliyekuja London wiki nzima kuwatembelea jamaa wa mashariki ya mji, ni fedha alizozitia baharini.

Hapo hapo St Pancras pana jambo jengine ambalo mnunuzi anapaswa kulitazama kwa makini. Hoteli ya zamani ilifungwa mwaka 1935, kwa sehemu kubwa kwa sababu vyumba vyake havikuwa na vyoo vya ndani na kuiendesha kulikuwa ghali. Ikatumika kwa miaka mingi kama ofisi za reli, ikanusurika kubomolewa katika miaka ya 1960, na ikafunguliwa tena kuwa hoteli mwaka 2011. Ilipofunguliwa iliongezewa ubawa mpya, na sehemu kubwa ya vyumba imo katika ubawa huo. Mwenye kulipa bei ya chini kabisa atapita kwenye ukumbi wa kihistoria, ataipiga picha ile ngazi, kisha atalala katika chumba kipya, kizuri na safi, ambacho hakina dari refu wala madirisha ya upinde aliyoyaona kwenye matangazo. Si udanganyifu, kwa sababu aina za vyumba zimeandikwa wazi kwa anayesoma. Mimi nafikiri kama mtu analipia jengo, basi alale ndani ya jengo. Na kama analipia mlango wa stesheni tu, basi chumba kipya kinamtosha na zaidi.

Kuala Lumpur ni mfano ninaoupenda zaidi kuliko wa London, kwa sababu Wazanzibari wanaokwenda huko kwa masomo na kwa matibabu hawahesabiki, na kwa sababu makosa yanayofanyika huko ni rahisi kuyaepuka. Mji ule una stesheni mbili ambazo mgeni anaweza kuzichanganya. Ya zamani ni ile yenye kuba na matao meupe, iliyokamilika mwaka 1910 kwa mchoro wa Arthur Benison Hubback. Ya sasa ni KL Sentral, iliyofunguliwa mwaka 2001. Treni ya haraka ya uwanja wa ndege, ambayo hutumia dakika 28 kutoka jengo la kwanza la abiria na dakika 33 kutoka jengo la pili, inaishia KL Sentral na haisimami kwenye ile ya zamani. Sasa mtu akisoma kwamba hoteli fulani ya fahari inatazamana na stesheni ya Kuala Lumpur, na akaiona ramani kwa haraka, anaweza kuamini kuwa atashuka kwenye treni na kuingia chumbani, kumbe bado anahitaji teksi. Hoteli kubwa za KL Sentral, zikiwemo Hilton na Le Méridien zilizofunguliwa pamoja mwaka 2004 zikiwa zimepakana, zimo katika eneo lenyewe la stesheni ya sasa, na ndizo ninazomwelekeza mtu anayefika usiku akiwa na mgonjwa.

Tena huko mambo yetu mengine hayamsumbui mtu. Mshale wa kibla mara nyingi huukuta umebandikwa juu ya dari la chumba, chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, na katika mwezi wa Ramadhani mpishi hashangai ukimwuliza juu ya daku.

Tokyo inatufundisha jambo tofauti. The Tokyo Station Hotel imo ndani ya jengo lenyewe la stesheni upande wa Marunouchi, lile jengo la matofali mekundu lililochorwa na Tatsuno Kingo na kukamilika mwaka 1914. Hoteli ikafunguliwa mwaka uliofuata, jengo likaungua katika mashambulizi ya mwaka 1945, na baada ya ukarabati mrefu likarudishiwa makuba yake na hoteli ikafunguliwa upya Oktoba 2012. Hakuna hoteli inayoweza kudai kuungana na stesheni kuliko hiyo, kwa kuwa kuna vyumba ambavyo madirisha yake yanatazama ndani ya kuba, na mgeni anawaona abiria wakipita chini yake. Hata hivyo, majukwaa ya treni za kasi za Shinkansen yapo upande wa pili, upande wa Yaesu, na stesheni ile ni pana kiasi kwamba kuivuka asubuhi, kati ya watu wanaokwenda kazini kwa maelfu, huku ukikokota masanduku mawili, ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Treni ya uwanja wa ndege wa Narita nayo inasimama chini kabisa ya ardhi, ingawa hiyo angalau ipo upande wa Marunouchi. Kwa hivyo mtu anayekuja kutoka Narita na kulala hapo amepata alichokilipia, na yule anayeamka kwenda Kyoto lazima ajipe muda, au alale hoteli ya upande wa Yaesu.

Na kwa kuwa sisi hatusafiri na begi moja dogo, niongeze hili la masanduku. Katika Shinkansen za njia ya Tokyo kwenda Osaka na mbele yake, tangu Mei 2020, begi ambalo jumla ya urefu, upana na kimo chake inazidi sentimita 160 linahitaji kiti kilichowekwa pamoja na nafasi ya mzigo mkubwa. Lile sanduku ambalo shangazi amelifunga kamba na kulijaza zawadi huenda likavuka kipimo hicho. Hoteli nyingi za Japani hukubali kulipeleka begi kwa gari la mizigo hadi hoteli ya mji unaofuata, likafika kesho yake, na mimi huona huduma hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua hoteli yenye mapokezi makini kuliko hata ukaribu wa jukwaa.

Nije kwenye maungano yenyewe, kwa sababu hapo ndipo matangazo yanapoteleza. Hoteli inaweza kuandika kuwa imeungana na stesheni kwa kuwa kuna daraja la juu la kupitia. Au kuna njia ya chini ya ardhi. Au kuna duka kubwa katikati ambalo ni lazima ulipite. Au mlango upo kweli lakini unafungwa usiku. Nilifika na mama katika mji mmoja wa Ulaya, treni ikiwa imechelewa na saa za usiku zimekwenda, tukaifuata alama ya hoteli hadi mwisho wa ukumbi, tukaukuta mlango wa vioo umefungwa na karatasi imebandikwa inayotuelekeza tutoke nje na tuzunguke. Nje kulikuwa na mvua ya manyunyu na ngazi za mawe kama ishirini hivi, bila ya lifti. Nililishusha begi kubwa, nikarudi kulichukua la pili, na mara ya tatu nikarudi kumshika mkono mama, aliyekuwa amekikumbatia kikapu cha halua asikubali kukiachia. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii hoteli si ulisema imo ndani ya stesheni?" Aliyekuwepo mapokezi alituambia kwamba mlango hufungwa saa tano kila siku na kwamba hilo linajulikana. Linajulikana kwa nani, hakutwambia.

Tangu hapo huwa siamini neno la tangazo mpaka nimewaandikia hoteli barua pepe fupi, na hujibiwa vizuri zaidi nikiuliza mambo mahususi: kutoka jukwaa la treni ninayokuja nayo hadi mapokezi, kuna ngazi yoyote ambayo haina lifti? Mlango wa upande wa stesheni hufunguliwa na kufungwa saa ngapi? Njia imeezekwa kote? Kuna mchukuzi anayeweza kutupokea kwenye jukwaa au mwanzo wa njia ya hoteli? Hoteli ya hadhi ikijibu maswali haya kwa sentensi kamili, tena siku hiyo hiyo, imenionesha jinsi itakavyonihudumia. Ikinijibu kwa maneno ya jumla kwamba wao wapo mahali pazuri sana, basi nakwenda kutafuta kwengine. Picha za wageni waliotangulia nazo husaidia, hasa zile mbaya zilizopigwa kwa haraka, kwa sababu ndani yake huonekana korido, mikanda ya foleni na ngazi ambazo mpiga picha wa hoteli hazipigi.

Kelele watu huziogopa kuliko inavyostahili. Hoteli hizi huwekewa vioo viwili au vitatu, na mara nyingi barabara ya mbele ina makelele kuliko reli ya nyuma. Muhimu ni kuuliza chumba kinatazama wapi, na kuomba ghorofa ya juu kama usingizi ni mwepesi.

Bei ndiyo inayohitaji utulivu. Mimi huchukua tofauti ya bei kati ya hoteli ya stesheni na hoteli nyengine ya daraja hilohilo iliyo mbali kidogo, nikailinganisha na teksi za kwenda na kurudi kwa siku zote za kukaa. Kwa usiku mmoja au mbili, hasa usiku wa kufika na usiku wa kuondoka, hoteli ya stesheni mara nyingi hushinda au hulingana. Kwa kukaa siku nyingi, hesabu hupinduka, kwa sababu faida ya mlango unaipata mara mbili tu, unapofika na unapoondoka, na nyongeza ya bei unailipa kila usiku. Ndiyo maana mgonjwa anayekwenda Kuala Lumpur kwa wiki tatu mimi humshauri alale KL Sentral usiku wa kwanza apumzike, kisha ahamie nyumba ya kupanga karibu na hospitali yake, na akiwa na uwezo arudi KL Sentral usiku wa mwisho. Isipokuwa kama hospitali yenyewe inafikika kwa treni bila ya kubadilisha njia, hapo abaki alipo. Na atazame pia kilichomo ndani ya bei, kwa kuwa hoteli nyingine hutangaza bei kabla ya kodi na ada ya huduma, na karibu zote huzuia amana kwenye kadi siku ya kuingia. Kadi zetu za benki za hapa nyumbani, zisipofunguliwa mapema kwa matumizi ya nje, hukataliwa palepale kaunta mbele za watu.

Zipo pia safari ambazo stesheni haifai hata kuingia katika hesabu. Reli ya kasi ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018 kati ya Makka, Jidda na Madina, ni neema kwa mahujaji na wenye umra, lakini stesheni ya Makka iko Rusaifa, kilomita kadhaa kutoka Msikiti Mtukufu, na ya Madina nayo haiko karibu na Msikiti wa Mtume. Mtu aende kwa treni hiyo kwa raha zake, ila hoteli aitafute karibu na Haram kadiri mfuko wake unavyoruhusu, kwa sababu safari yake ya kila siku ni ya kwenda kuswali mara tano, na treni ataipanda siku ya kuhama tu. Vilevile mwenye kubadilisha ndege Frankfurt ataona hoteli mbili kubwa zilizoungana na stesheni ya treni za masafa marefu ya uwanja wa ndege, moja kwa daraja na nyengine ikiwa imejengwa juu ya stesheni yenyewe, na atatamani kulala hapo. Lakini zote ziko nje ya ukaguzi wa pasi, na mwenye pasi yetu ya Tanzania hawezi kuzifikia bila ya viza ya Schengen. Bila ya viza hiyo, itambidi abaki usiku wake upande wa ndani wa ukaguzi, hata kama amekwisha kulipa.

Jambo la mwisho ninaloulizia ni siku ya kuondoka. Chumba kwa kawaida hurudishwa saa sita mchana au kabla yake, na treni au ndege inaweza kuwa ya jioni. Hoteli iliyoungana na stesheni inatakiwa iyapokee mabegi mpaka saa hiyo bila ya malipo, iwe na mahali pa kutawadha na kubadilisha nguo hata baada ya funguo kurudishwa, na ikiwezekana iwe na mtu wa kuyashusha mabegi hadi jukwaani. Kama treni ni ya alfajiri, niulize chakula cha asubuhi kinaanza saa ngapi, na kama hakijaanza, wanaweza kunifungia mkate na matunda usiku wake. Hoteli nyingi za daraja hilo hukubali, ila ni lazima waambiwe kabla ya saa nne usiku, wakati jikoni bado pana mtu.